Mwimo wa Mlango

Danguolė alianza na neno moja: *nitakua*.
Aliliandika kwa penseli nyuma ya kalenda,
Januari, Šiauliai, theluji imeziba dirisha la jikoni,
nta ya nyuki ikiyeyuka katika sufuria ya supu
kwa kuwa sufuria ya nta ilikuwa bado dukani.

Shemeji yake Rimvydas, mpasua mbao,
mtu asiyesadiki kitu kisichopimwa kwa futikamba,
alilisoma, akavua kofia, akauliza:
"Utakua sentimita ngapi?
Na kufikia lini?"

Alimpa chai bila asali.

Lakini usiku swali lilipanda naye kitandani.
Haba na haba, husemwa, hujaza kibaba.
Asiye na kibaba
anajaza nini?

Alfajiri akasimama mbele ya mwimo wa mlango,
penye mistari ya mwanawe Mantvydas:
miaka mitatu, sentimita tisini na nne;
miaka saba, mwaka wa surua, alipoongeza ukucha tu;
kumi na sita, mia moja themanini na moja,
na juu ya hapo ubao mtupu,
maana mtoto alimaliza kurefuka
akaenda Norwei kukata minofu ya samaki.
Hapakuwa na mstari uliosema *mkubwa*.
Kila mmoja ulibeba namba na tarehe.

Basi akachukua mwimo wa pili, wa kushoto.
Sentimita moja, mshumaa mmoja uliouzwa.
Lengo: kizingiti cha juu, mia mbili kamili,
kabla ya siku ya kuwakumbuka marehemu, Novemba,
mji mzima unapobeba moto kwenda makaburini.
Gramu mia mbili kila mshumaa. Uwake saa thelathini.
Bei euro sita: mbili na senti arobaini za nta na utambi,
senti hamsini za umeme,
tatu na senti kumi zangu,
na zisiguswe kwa mkate.

Aliwasha wa kwanza, akakaa nao, saa ya ukutani mbele yake,
akasinzia, akaamka, akala viazi, akasinzia tena.
Ulikata roho saa ya ishirini na mbili.
Akafuta *thelathini*. Akanunua utambi mwembamba zaidi.
Wa nne ulifika ishirini na tisa na nusu,
naye akaandika ishirini na tisa na nusu.

Pasaka ilimkuta magotini: mishumaa arobaini na moja,
alipokuwa ameapa sitini.
Penseli ikamtetemeka. Nani angejua,
akiupandisha mstari kidogo, kwa ajili ya matumaini?
Rimvydas alikuwa mlangoni anakung'uta viatu.
"Ubao mfupi si dhambi," alisema,
"dhambi ni kuuuza kwa jina la mrefu."
Safari hii alipewa asali.

Kiangazi akaacha soko la Jumatano, lililompa wawili, watatu,
akahamia Jumamosi, karibu na muuza maua.
Mstari ukapita kiuno, ukapita kifua.
Oktoba alilazimika kusimama juu ya kigoda.

Mantvydas alipiga simu usiku baada ya makaburi.
"Mama, biashara vipi?"
Miaka yote angejibu: twasukuma, tunashukuru.
"Mia moja themanini na saba," alisema.
Kimya. Upepo wa bandari ya watu masikioni mwake.
"Kati ya ngapi?"
Huyu kweli ni wa ukoo wa Rimvydas.
"Mia mbili."
Alisikia mtoto akihesabu, kisha akicheka:
"Basi umenipita kichwa, mama.
Kwa sentimita sita."

Alibaki juu ya kigoda, kiganja kwenye ubao,
akipapasa nafasi iliyosalia hadi kizingiti.
Mishumaa kumi na mitatu ilikuwa sandukuni.
Hakuigawa bure, hakuipunguzia bei.
Desemba ina giza lake.